Kilimia cha Ukambani na Jiwe la Sinai

Wahenga wa pwani walinena: Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Nami nikidhani nyota hizo ni elimu yetu sisi watu wa bahari, hata nilipokwenda Kitui mwezi wa Novemba, nikalala kwa mzee mmoja mkulima upande wa Ikutha.

Nilipokwisha sali Isha tuliketi uani. Kilimia kilikwisha panda mashariki, lakini ardhi ilikuwa kavu kama kikaango. Mzee alibakiwa na debe moja la mbegu za pojo, ambazo wao huziita ndengu. Kitui na Makueni hutegemea zaidi mvua za Oktoba hadi Desemba kuliko zile za Machi hadi Mei. Zikikosa, njaa hubisha hodi.

"Mwalimu," akaniuliza, "kalenda yaniambia panda, nyota yaniambia panda, ardhi yakataa. Nimsadiki nani?"

Nikamsimulia habari za Harwerre, ofisa wa Misri wa zama za Firauni Amenemhat wa Tatu, yapata miaka 1,800 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa. Alipelekwa Sinai, mahali paitwapo leo Serabit el-Khadim, kuleta feruzi, lile jiwe la rangi ya samawati. Akaandikisha katika jiwe kwamba alifika mwezi wa tatu wa Peret, na haukuwa msimu wa kwenda machimboni. Kwa jina, Peret ni majira ya baridi na kilimo. Lakini milima ilikuwa ikiunguza ngozi, na rangi ya feruzi huharibika kwa joto.

Kosa lilikuwa la hesabu. Mwaka wa Wamisri ulikuwa siku 365, robo siku haikutiwa; basi kila miaka 4 tarehe iliteleza siku moja. Shahidi ni nyota ya Shi'ra, iliyotajwa katika Suratin-Najm, ambayo huko Misri huchomoza alfajiri wakati wa kiangazi. Waraka wa hekalu la Lahun, wa zama za mfalme aliyetangulia, waarifu kwamba ingechomoza siku ya 16 ya mwezi wa nne wa Peret! Wala tusiwacheke: mwaka wetu wa Nairuzi, uliotumiwa na manahodha kuhesabu miongo, nao ni wa siku 365.

Harwerre hakurudi nyuma. Aliwatia moyo watu wake, akapata feruzi, akarejea na kikosi chake kizima.

Mzee akacheka. "Kumbe hata Firauni alipotezwa na kalenda!"

Nikamkumbusha kuwa nyota haileti mvua. Mvua yatoka kwa Mola.

"Najua," akajibu. "Nyota ni kama mwadhini wenu. Huita tu."

Asubuhi akaligawa debe lake. Nusu akaifukia katika ardhi kavu, nusu akairejesha ghalani. Nilipoondoka kwenda Wote, Makueni, mbingu zilikuwa bado nyeupe.