Fasihi ya Uingereza na Askari Waliosahauliwa

Vijana wanaoingia chuo kikuu kusoma fasihi ya kisasa ya Uingereza huulizwa na wazee wao: elimu hiyo ya hadithi za Wazungu itatufaa nini? Swali hilo si la kubezwa, kwani karo hulipwa kwa jasho. Sisi tuliopitia mafunzo ya kijeshi twapenda kulijibu, kwa kuwa mlango mmoja mkubwa wa fasihi hiyo ulifunguliwa na askari.

Katika Vita Kuu ya Kwanza alikuwamo Wilfred Owen, luteni wa jeshi la Uingereza. Mwaka 1917 alilazwa katika hospitali ya Craiglockhart, Edinburgh, kwa mshtuko wa vita. Huko alikutana na Siegfried Sassoon, ofisa mwenye nishani ya ushujaa, ambaye alikuwa ametoa tamko la kupinga kuendelezwa kwa vita hivyo. Owen alirudi mstari wa mbele akauawa tarehe 4 Novemba 1918, akiwa na umri wa miaka 25, siku saba kabla ya bunduki kunyamaza Ulaya. Washairi hao hawakuipamba vita. Waliandika juu ya matope, gesi ya sumu na vijana waliokufa. Utii wao kazini haukuwafumba macho.

Mwaka 1925 Virginia Woolf akatoa riwaya ya Mrs Dalloway. Ndani yake yumo Septimus, askari aliyerejea London na kidonda kisichoonekana. Madaktari wanamwamrisha apumzike, lakini hawamsikilizi, na mwisho anajiua. Kila jeshi duniani lina askari wa namna hiyo, na kila raia anayekaa naye yampasa amwelewe.

Hata hivyo, mwanafunzi asiishie hapo. Vita hivyo vilipiganwa pia Afrika Mashariki, na Jenerali von Lettow-Vorbeck wa Ujerumani hakusalimu amri hadi tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya Ulaya kutulia. Wapagazi wa Kiafrika walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Jina la Kariakoo ya Dar es Salaam latokana na kikosi cha wapagazi wa Waingereza. Wao hawakuwa na Owen wao wa kuandika habari zao.

Pengo hilo limeanza kuzibwa ndani ya fasihi ya Uingereza yenyewe. Abdulrazak Gurnah, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1948, alihamia huko akiwa kijana, akafundisha fasihi katika Chuo Kikuu cha Kent, na mwaka 2021 akapata Tuzo ya Nobel. Katika riwaya yake ya Afterlives ya mwaka 2020, kijana Hamza anajiunga na askari wa Wajerumani, anajeruhiwa, kisha anarudi katika mji wa pwani kutafuta kazi, mke na utulivu. Msomaji akimweka Hamza kando ya Septimus, ataona vita vile vile kwa macho mawili.

Mwaka 1968 wahadhiri watatu wa Nairobi, Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong, walipendekeza Idara ya Kiingereza ifutwe na Afrika iwekwe katikati ya masomo. Hawakusema fasihi za wengine zitupwe. Walitaka tuzitazame tukiwa tumesimama kwetu.

Basi, mzee anayelipa karo asihofu. Kijana wake na asome Owen na Woolf kwa bidii, na kila afunguapo kitabu aulize: ni nani anayesema humu, na ni nani aliyebeba mzigo bila kutajwa? Akizoea kuuliza hivyo darasani, atauliza vivyo hivyo atakapokabidhiwa ofisi, na hapo nchi itapata faida yake.