Silaha Katika Filamu (Sehemu ya Pili): Bunduki za Rorke's Drift

Sehemu ya kwanza ilihusu panga na ngao. Leo tuingie kwenye bunduki, na tutabaki na filamu moja tu: Zulu ya mwaka 1964, iliyoongozwa na Cy Endfield. Inasimulia mapigano ya Rorke's Drift, Natal, ya Januari 22 na 23, 1879, pale takriban askari 150 wa upande wa Waingereza walipozingirwa na maelfu ya Wazulu kwenye kituo cha misheni.

Wapenzi wa silaha wanapotafuta makosa katika filamu hii huanza na bastola. Maofisa Chard na Bromhead, walioigizwa na Stanley Baker na Michael Caine, wanafyatua Webley Mk VI, bastola iliyoingia jeshini mwaka 1915. Kisha wapenzi hao huonyesha baadhi ya askari wa safu za nyuma, ambao wameshika Lee-Enfield, bunduki ya mwaka 1895.

Bunduki iliyostahili kuwa mikononi mwao ni Martini-Henry, na kwa kweli waigizaji wengi wanayo. Hii haikuwa na magazini. Chini yake, nyuma ya kifyatulio, palikuwa na mkono wa chuma. Askari aliusukuma chini, ganda tupu likaruka nje, akachomeka risasi nyingine kwa vidole, akaurudisha mkono juu, akalenga, akapiga. Risasi moja, kisha kazi yote upya. Baruti yake nyeusi ilitandaza moshi mzito, na mtutu ulipata moto hata ukaunguza viganja. Lee-Enfield hubeba risasi 10 na hufunguliwa kwa komeo. Kwa hiyo mtazame askari mkono wake wa kulia: akivuta komeo kwenda nyuma, ameshika bunduki ambayo mwaka 1879 haikuwapo.

Makosa ya namna hii nayasamehe. Bunduki za kale ni chache, waigizaji wa kujaza uwanja ni wengi, na anayesimama mbali na kamera hupewa kilichopo.

Nisilolisamehe ni jingine. Wazulu wanaofyatua kutoka mlimani wanaelezwa kuwa wana Martini-Henry zilizotekwa Isandlwana, kambi ya Waingereza iliyoangukia mikononi mwa Wazulu siku hiyo hiyo. Sivyo ilivyokuwa. Vikosi alivyoviongoza Dabulamanzi kaMpande, ndugu wa Mfalme Cetshwayo, vilikuwa vya akiba Isandlwana. Vilizunguka kwenda kuziba njia ya kukimbilia, wala havikuingia katika pambano kuu la kambini. Bunduki mpya zilichukuliwa na waliopigana kambini. Waliofika Rorke's Drift walikuwa na magobori na bunduki nyingine zilizopitwa na wakati, zenye shabaha hafifu, na baruti duni. Wengi walikuwa watu wazima waliokwisha oa, na waliukabili ukuta wa magunia ya mahindi kwa mikuki, usiku, tena na tena.

Ukiwapa watu hao bunduki sawa na za adui, umewanyang'anya ushahidi wa ujasiri wao, na umemfanya mtazamaji aamini kwamba pande mbili zililingana. Bastola ya Webley inaharibu picha chache tu. Kosa hili linaharibu habari yenyewe, na kwangu ndilo kosa kubwa kuliko yote katika filamu hii.

Sehemu ya tatu: Isandlwana yenyewe, na filamu Zulu Dawn ya mwaka 1979.