Kikohozi Kitokacho Zizini

Mtu akikohoa kwa majuma kadhaa, akilowa jasho usiku na kukonda, majirani hukata shauri upesi: huyo ana kifua kikuu. Yawezekana hawakukosea, na kwa sababu hiyo mgonjwa wa namna hiyo hana budi kwenda hospitali kupimwa makohozi bila kuchelewa. Lakini upo ugonjwa mwingine uwezao kuja kwa sura hiyo hiyo, nao hutoka kwa mifugo. Wafugaji huuita ugonjwa wa kutupa mimba. Waganga huuita brusela.

Vijidudu vyake viligunduliwa mwaka 1887 na David Bruce, daktari wa jeshi la Uingereza, katika kisiwa cha Malta, ambako askari waliteswa na homa isiyoeleweka. Mwaka 1905 Themistocles Zammit, daktari wa kisiwani humo, alivumbua kwamba mbuzi walioonekana wazima ndio waliobeba vijidudu hivyo, na maziwa yao mabichi ndiyo yaliyoeneza homa.

Je, vijidudu hivyo hufikaje mapafuni? Njia ni mbili. Ya kwanza ni damu: mtu hunywa maziwa mabichi, vijidudu hupenya tumboni, hujificha ndani ya chembe za damu na kusafiri mwilini. Ya pili ni hewa. Mchinjaji apasuapo tumbo la ng'ombe mgonjwa, au mfugaji ashikapo kondo la nyuma la mnyama aliyetupa mimba, matone madogo sana hurukia puani na mdomoni. Hata vumbi la zizi laweza kuyabeba maradhi.

Kwa kawaida brusela huleta homa inayokuja na kuondoka, jasho jingi, uchovu, na maumivu ya viungo na mgongo. Mapafu hayashambuliwi mara nyingi. Yanaposhambuliwa, mgonjwa hupata kikohozi, mkamba au kichomi, na pengine maji hujaa kati ya pafu na mbavu, akawa anapumua kwa shida. Makohozi yakipimwa, ni nadra vijidudu vya brusela kuonekana. Hutafutwa katika damu.

Hapo ndipo ulimi wako, ndugu msomaji, unapoweza kumsaidia daktari kuliko mashine. Mweleze bila haya: nafanya kazi machinjioni, nimefuga mbuzi uani, nilikwenda kijijini nikanywa maziwa yasiyochemshwa. Mweleze hata kama safari hiyo ilikuwa miezi iliyopita, kwani ugonjwa huu waweza kukawia kujitokeza. Asipojua hayo, aweza kuutafuta ugonjwa mahali usipokuwapo, nawe ukaendelea kudhoofika.

Brusela hutibika. Daktari hutoa dawa zaidi ya aina moja kwa pamoja, kwa kawaida kwa muda wa majuma sita au zaidi. Anayeziacha mara apatapo nafuu huukaribisha ugonjwa urudi.

Nyumbani kinga ni nyepesi: chemsha maziwa mpaka yafoke, hata yale utakayoyagandisha kuwa mtindi, maana kuganda peke yake si salama. Mwenye kuzalisha au kuchinja mifugo avae glovu na afunike pua na mdomo. Mimba iliyotupwa na kondo lake vifukiwe chini sana, mbwa wasivifukue. Na watoto wasiachwe kuchezea hapo.