Harufu ya kiwandani ikipotea ghafla, ondoka!

Kibarua mmoja wa kiwanda cha ngozi alinijia akiwa na macho mekundu, kikohozi na maumivu ya kichwa. Alikuwa amemeza dawa za malaria mara mbili bila nafuu. Nilipomuuliza kazi yake ndipo nikapata mwangaza.

"Daktari, zamani ile harufu ilinisumbua. Sasa siku nyingine huisikia asubuhi, kisha inapotea," alisema kwa fahari.

Hilo ndilo lililonitisha. Ngozi mbichi za ng'ombe na mbuzi hulowekwa katika chokaa na salfaidi ya sodiamu ili manyoya yatoke. Baadaye hutiwa asidi, kisha kromu. Maji yenye salfaidi yakikutana na asidi, iwe ndani ya pipa au mtaroni, hutoa gesi ya haidrojeni salfaidi inayonuka kama mayai viza. Ikiwa kidogo, huwasha macho na koo. Ikizidi, huitia pua ganzi; utadhani hewa imetakata, kumbe sumu imeongezeka. Ikiwa nyingi sana, pumzi chache tu zaweza kuua.

Gesi hii ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo hutulia mashimoni. Mwenzako akianguka humo, usimfuate, ijapokuwa moyo utakusukuma. Waokoaji wengi wamekufa hivyo. Ita watu wenye mitungi ya hewa. Kitambaa puani hakizuii gesi. Na yale maziwa wanayopewa wafanyakazi? Ni chakula kizuri, lakini hayaondoi sumu.

Kromu nayo huweza kuleta ukurutu mikononi, na mwili ukishaikataa, hata kiasi kidogo huamsha ugonjwa upya. Glavu iliyotoboka haifai, kwani hufungia dawa hiyo ndani.

Nilimwandikia mgonjwa wangu barua ya kumpa msimamizi. Alirudi baada ya majuma mawili, macho bado mekundu, barua ingali mfukoni. Aliogopa kufutwa.

Msomaji, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga, na penye wafanyakazi 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama yenye wawakilishi wa wafanyakazi. Tuliiandika barua upya, safari hii kwa kamati hiyo, bila kutaja jina lake.