Je, Wajua? Kazi Huja na Mtu

Kijana wa Cheyo, katika Manispaa ya Tabora, anaamka na kukuta tangazo la kazi kwenye kundi la WhatsApp. Limetumwa na rafiki, aliyelipata kwa binamu, aliyelitoa kwenye kundi jingine. Mwenye kazi hajulikani. Kijana analisoma mara mbili, kisha analituma kwa wenzake watano.

Pengine anaamini kwamba hili ni jambo la kizazi chake. Lakini mji anaoishi ulikuwa soko kubwa la kuajiri watu zaidi ya miaka 150 iliyopita, na yaliyotokea hapo yanaweza kumsaidia leo akiwa na simu mkononi.

Je, wajua kwamba Tabora ilikuwa mahali pa kuajiri upya? Wapelelezi Waingereza Richard Burton na John Speke waliondoka pwani katikati ya mwaka 1857, wakafika Kazeh, sehemu ya Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba. Safari iliwachukua siku 134. Wapagazi wengi wa misafara ya namna hiyo walikuwa Wanyamwezi, kwa hiyo kufika Unyanyembe, nchi inayozunguka Tabora, kwao kulikuwa kufika nyumbani. Walitua mizigo, wakachukua ujira wao, wakaenda kwa jamaa zao. Mfanyabiashara aliyetaka kuendelea hadi Ujiji, Karagwe au Buganda alilazimika kutafuta watu wengine na kupatana nao upya.

Je, wajua kwamba mwajiri ndiye aliyefuata kalenda ya mpagazi? Mvua zilipoanza, vijana walikuwa mashambani, na mwenye pembe za ndovu angeweza kungoja majuma mengi bila kupata watu. Baada ya mavuno njia ilijaa. Burton aliandika kwamba kwa Wanyamwezi kubeba mzigo hadi pwani kulikuwa kipimo cha uanaume. Mzigo wa kawaida ulikaribia frasila mbili, yaani kilo 30 hivi, na ulibebwa begani au kichwani kwa mamia ya kilomita.

Je, wajua kwamba maneno tunayotumia kazini yalitembea njia hiyo? *Posho* ilikuwa chakula cha msafiri, au kitambaa na shanga za kununulia chakula hicho njiani. Leo mtumishi wa serikali anadai posho ya safari. *Mnyapara* limetokana na neno la Kinyamwezi lenye maana ya mzee au mkubwa wa watu. Baadaye likawa jina la msimamizi wa kazi. Na *merikani*, kitambaa kilicholipa ujira wa watu wengi, kilipata jina lake kwa sababu kilitoka Marekani.

Je, wajua kwamba msafara ulikuwa na mtu ambaye jina lake pekee lilivuta wafanyakazi? Aliitwa kirangozi. Alitangulia mbele na bendera, amevaa mapambo yaliyomfanya aonekane kwa mbali, na ngoma ikisikika karibu naye. Kijana aliyetaka kusafiri alikuwa na jambo la kuuliza zaidi ya ujira: nani anaongoza? Kirangozi aliyejua visima, aliyejua ushuru wa kila mtemi na aliyewahi kurudisha watu salama alikuwa tangazo tosha.

Je, wajua kwamba utani nao ni mtandao wa kijamii? Wanyamwezi na Wazaramo ni watani hadi leo, na watafiti wa historia wanauhusisha utani wa namna hiyo na safari za misafara. Mtani hakuwa wa kucheka naye tu. Aliyeugua ugenini alikuwa na mlango wa kubisha, na aliyefia njiani alikuwa na mtu wa kusimamia mazishi yake. Kwa njia hiyohiyo mgeni aliweza kusikia ni nani anatafuta watu, nani analipa vizuri na nani wa kuepukwa.

Je, wajua kwamba sayansi imethibitisha nguvu ya uhusiano wa namna hiyo? Mwaka 1973 mwanasosholojia wa Marekani, Mark Granovetter, alichapisha matokeo ya mazungumzo yake na watu waliokuwa wamepata kazi mpya. Kati ya waliozipata kupitia mtu wanayemfahamu, asilimia 16.7 tu walikuwa wakionana na mtu huyo mara kwa mara. Asilimia 55.6 walionana naye mara mojamoja, na asilimia 27.8 kwa nadra sana. Sababu yake inaeleweka: ndugu yako wa karibu anajua yaleyale unayoyajua wewe, ila mtu wa mbali anatembea kwenye mitaa usikofika.

Mwaka 2022 watafiti walichapisha katika jarida la *Science* uchunguzi uliohusisha watumiaji milioni 20 wa LinkedIn, mtandao wa mambo ya kazi, kwa miaka mitano. Walikuta kwamba mtu mnayefahamiana naye kwa mbali kiasi husaidia zaidi kupata kazi kuliko yule mliyeshibana naye. Mtani wa Kizaramo angeshangaa kuona imechukua muda mrefu hivyo kulijua hilo.

Je, wajua kwamba wanawake nao walisafiri na misafara? Walipika, walibeba vyombo na vyakula, na wapo waliobeba mizigo, ingawa wasafiri wa Ulaya waliwataja kwa nadra katika vitabu vyao. Kufutwa huko kunaweza kujirudia mtandaoni. Mwaka 2018 shirika la habari la Reuters liliripoti kwamba Amazon ilikuwa imeachana na programu yake ya kuchagua waombaji wa kazi baada ya kugundua inawashusha wanawake, kwa kuwa ilijifunza kutoka kwenye maombi ya miaka ya nyuma yaliyojaa wanaume. Mwaka 2019 Facebook, katika makubaliano ya kumaliza kesi nchini Marekani, ilikubali kuwazuia watangazaji wa kazi kuchagua nani aone tangazo kwa kigezo cha umri au jinsia. Tangazo linaweza kuwa wazi kwa wote, kumbe halijawahi kumfikia dada yako.

Je, wajua kwamba mmisionari na mpelelezi David Livingstone alikaa Kwihara, jirani na Tabora, miezi mitano akisubiri wafanyakazi? Mwandishi wa habari Henry Stanley aliagana naye Machi 1872 akaenda pwani kumtafutia watu. Watu 57 waliochaguliwa Zanzibar walifika Agosti mwaka huohuo, na safari ikaanza tena. Livingstone alifariki tarehe 1 Mei 1873 katika nchi ambayo leo ni Zambia. Watumishi wake Chuma na Susi, pamoja na wenzao, waliubeba mwili wake kurudi. Walipofika Unyanyembe walikutana na Mwingereza Verney Lovett Cameron, aliyewashauri wauzike hapohapo. Walikataa. Waliufikisha pwani mapema mwaka 1874. Mwajiri wao alikwisha kufa na hakuna aliyeweza kuwalazimisha, lakini walimaliza kazi.

Je, wajua kwamba njia hiyohiyo ilipita mateka? Ni lazima tuseme hili waziwazi. Mpagazi wa kulipwa alipatana bei na aliweza kurudi kwao. Mtumwa hakuulizwa. Walipita kwenye vumbi moja, pengine katika msafara mmoja, na mtu wa kando ya njia angeweza kuwachanganya. Kilichowatenganisha ni uhuru wa kukataa, na hicho ndicho kipimo cha kazi yoyote hata leo.

Je, wajua kwamba mwalimu maarufu kuliko wote wa Tabora aliajiriwa kwa mwaliko? Julius Nyerere alipomaliza Makerere mwaka 1945 alikuwa na njia mbili: shule ya serikali ya Tabora, ambako yeye mwenyewe alisoma, na shule ya misheni ya St. Mary's. Padri Richard Walsh alimwita St. Mary's, naye akaenda, akafundisha hapo hadi alipoondoka kwenda masomoni Edinburgh mwaka 1949.

Je, wajua kwamba ajira ilipomwacha mtu ikashika namba, watu waliipa jina la uchungu? Mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge Tanganyika waliunda ofisi ya kuandikisha vibarua, iliyofahamika kama SILABU. Ilikusanya watu kutoka magharibi na kusini mwa nchi na kuwapeleka kwenye mashamba ya mbali. Huko kila mmoja alijulikana kwa namba, na kwa hiyo wakaitwa *manamba*. Kazi ilihesabiwa kwa kipande, kadi ya siku 30 za kazi. Neno manamba bado linauma masikioni, na wazee wa Tabora na Kigoma wanajua kwa nini.

Je, wajua kwamba simu inaweza kumgeuza mtu kuwa bidhaa? Mwaka 2019 uchunguzi wa BBC ulionyesha watumishi wa nyumbani wakitangazwa kuuzwa nchini Kuwait kupitia programu za simu, ukiwemo mtandao wa Instagram. Mwaka 2024 shirika la habari la Associated Press liliripoti kwamba wasichana wa Kiafrika, wakiwemo wa Uganda, walivutwa na matangazo ya mitandaoni yaliyoahidi kazi na masomo nchini Urusi, wakajikuta kwenye kiwanda cha kuunganisha droni za kivita. Matangazo yalikuwa na picha nzuri na yaliahidi tiketi ya ndege. Hayakueleza kazi yenyewe.

Je, wajua kwamba sheria ipo upande wako? Tanzania ina Sheria ya Kukuza Huduma za Ajira ya mwaka 1999, inayomtaka wakala binafsi wa ajira awe amesajiliwa. Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, unasema kwamba kwa kawaida wakala asimtoze ada mtafuta kazi. Nafasi za utumishi wa umma hutangazwa na Sekretarieti ya Ajira kwenye mfumo wake wa mtandaoni, na mwombaji hatozwi kitu. Na tangu mwaka 2023 inatumika Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi: nakala ya kitambulisho chako na vyeti vyako si vitu vya kumtumia mtu usiyemjua.

Turudi kwa kijana wa Cheyo. Mkoa wake una kazi za kweli. Reli ya kisasa inajengwa kupitia Tabora, na Sojo wilayani Nzega kuna kiwanda kilichojengwa ili kutayarisha mabomba ya bomba la mafuta ghafi litokalo Uganda hadi Tanga. Njaa ya kazi ni ya kweli pia, na tapeli anaijua.

Mpagazi wa Unyanyembe hakuwa na simu, lakini kabla ya kuinua mzigo alikuwa na mambo manne ya kuuliza: nani anaongoza, tunakwenda wapi, mzigo una uzito gani, na posho ni kiasi gani. Kuuliza si ujinga. Tangazo likijibu yote manne na kumtaja mtu anayeweza kupatikana ofisini kwake, litume kwa wenzako watano, hata kwa watu hamsini. Lisipojibu, usiliache lipite kwenye simu yako kwenda kwa mwingine, kwa kuwa atakayelipokea ataliamini kwa sababu limetoka kwako.