Kutia Nguvu kwa Kiingereza

Mkulima wa Malili atakaye kuandika kwa Kiingereza kwamba ameimarisha shamba lake, na achague neno kwa uangalifu. "Strengthen" hufaa karibu kila mahali, hata kwa tuta la fanya juu lililopandwa nyasi ya makarikari lisibomolewe na mvua. (Jina hilo la fanya juu, vitabu vya Kiingereza vimelichukua vivyo hivyo.) "Reinforce" hudai kitu cha kuongezwa ndani au nyuma, kama nondo katika zege ya majengo ya Konza, katika ardhi iliyokuwa ranchi ya Malili. "Fortify" lilikuwa neno la ngome. Siku hizi limeingia jikoni, kwani tangu mwaka 2012 sheria ya Kenya yataka unga wa mahindi wa viwandani utiwe madini na vitamini.

Lenye hatari ni "consolidate". Mtu aweza kulitumia kwa kuimarisha madaraka, lakini katika habari za ardhi maana yake ni kukusanya vipande vilivyotawanyika viwe shamba moja, kama ulivyotaka Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954. Aliyekusudia matuta tu, akaliandika neno hilo kwa ofisi ya ardhi, ameomba mipaka yake ibadilishwe.