Kabla ya kumlipa fundi bustani, muulize habari za masika

WAFANYABIASHARA wengi wa Upanga na Kariakoo jijini Dar es Salaam wanaotaka kipande cha majani mbele ya gesti au mgahawa humchagua fundi bustani kwa bei tu. Hapo ndipo hasara huanzia.

Ukanda huu una mvua za masika, Machi hadi Mei, na za vuli, Oktoba hadi Desemba. Juni hadi Septemba mvua ni haba, na udongo wa kichanga haushiki maji. Fundi anayekubali kupanda Julai bila kuuliza maji yatatoka wapi anamwachia mteja gharama ya kununua maji kila siku.

Maswali matatu yanatosha kumpima. Kwanza, atapanda lini? Jibu zuri ni masika yanapoanza. Pili, atapanda majani gani? Majani ya Kikuyu hupenda ubaridi wa nyanda za juu. Joto la pwani huyatesa. Ukoka huvumilia ukame lakini hutaka jua. Chini ya mwembe yafaa majani ya Pemba, na karibu na bahari paspalamu, inayostahimili chumvi. Tatu, ataweka nini ardhini? Samadi iliyooza vizuri husaidia mchanga kutunza maji.

Mteja aombe pia kuonyeshwa bustani iliyopandwa mwaka mmoja uliopita, si ya wiki jana. Malipo yagawanywe: sehemu siku ya kupanda, iliyobaki majani yakishashika mizizi. Fundi anayeijua kazi yake hayaogopi masharti hayo.